Majazi Yasiyokusudiwa: Majina ya Kiswahili katika Filamu na Michezo ya Kompyuta Inayohusu Mombasa na Kenya, 2003–2010

Utangulizi

Mwaka 2003 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, iliyoongozwa na Jan de Bont. Ni filamu ya mapigano na safari za hatari, na asili yake si riwaya wala tamthilia bali ni mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 1996. Sehemu yake ya mwisho ina mandhari ya Kenya na ilipigwa katika mbuga za Amboseli na Hell's Gate. Katika sehemu hiyo mhusika mkuu, Lara Croft, anapokewa na rafiki yake Mwafrika ambaye kwa wakati mmoja ni mwenyeji, msafiri mwenza na mkalimani wake. Mhusika huyo anaitwa Kosa.

Kwa msomaji aliyelelewa katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, jina hilo haliwezi kupita hivi hivi. Uhakiki huu umeizoea mno mbinu ya majazi, yaani mtindo wa kumpa mhusika jina linaloafikiana na tabia au kazi yake. Shaaban Robert aliwapa wahusika wake majina kama Karama na Majivuno katika Kusadikika, na Adili, Hasidi na Mwivu katika Adili na Nduguze, na vizazi vya wanafunzi vimejifunza kuuliza jina linasema nini kabla ya kuuliza mhusika anatenda nini. Kosa, basi, ni kosa la nani? Hakuna dalili ndani ya filamu kwamba waliolichagua jina hilo walikusudia maana yake ya Kiswahili. Hata hivyo, jina likishatamkwa mbele ya hadhira inayoielewa lugha, maana yake hufanya kazi, liwe limekusudiwa au halikukusudiwa.

Makala haya yanachunguza historia fupi ya miaka saba, kuanzia filamu hiyo ya 2003 hadi filamu ya Inception ya 2010. Katika kipindi hicho nchi ya Kenya, na hasa kisiwa cha Mombasa, viliingia katika kazi kadhaa zilizotazamwa na kuchezwa duniani kote. Hoja inayojengwa ni kwamba kazi hizi ziliigawa Pwani vipande: moja ilichukua ardhi ikaacha lugha, nyingine ilichukua majina ikaacha ardhi, na nyingine ilichukua jina moja tu ikalivika kuta za mji mwingine. Hoja ya pili ni kwamba kutofika mahali si kosa lenyewe. Fasihi ya Pwani nayo imesimulia nchi ambazo watunzi wake hawakuziona. Kinachopaswa kupimwa ni kama mahali palipoazimwa jina pamepewa pia kinywa cha kusemea.

Kutoka kwenye mchezo hadi kwenye filamu

Historia ya filamu zitokanazo na michezo ya kompyuta si ndefu. Super Mario Bros. ya mwaka 1993 ndiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake kutoka studio kubwa ya Marekani, ikafuatwa na Street Fighter mwaka 1994 na Mortal Kombat mwaka 1995. Mchezo wa Tomb Raider uliundwa na kampuni ya Core Design ya mjini Derby, Uingereza, na filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2001 ikiongozwa na Simon West. Angelina Jolie aliigiza kama Lara Croft katika filamu zote mbili. Ile ya kwanza ilitumia magofu ya Angkor nchini Kambodia. Ya pili ilipita Ugiriki na Uchina kabla ya kuishia Kenya.

Ili kuelewa nafasi ya Kosa, ni lazima kwanza kuzingatia umbo la mchezo wa 1996. Mchezaji humwongoza Lara akimtazama kwa nyuma, akipita katika mapango na makaburi ya kale ya Peru, Ugiriki na Misri. Mahali hapo pana mitego, milango ya siri na wanyama wakali. Binadamu ni wachache mno, na walioko ni maadui tu. Magofu hayana wenyeji. Hakuna mtu wa kuamkuliwa, wa kuombwa ruhusa, wala wa kuulizwa mahali hapo panaitwaje. Upweke huo si upungufu wa kisanaa. Ndio unaoupa mchezo mvuto wake, kwani mchezaji hujihisi kuwa ndiye mtu wa kwanza kukanyaga hapo baada ya karne nyingi.

Filamu haiwezi kuubeba upweke huo. Kamera ikishatua Amboseli, inatua mahali penye watu, ng'ombe na njia. Utupu wa mchezo sharti ujazwe, na mwandishi wa mchezo wa filamu sharti aamue ni nani ataujaza na kwa kazi gani. Kenya haikuwamo katika mchezo wa kwanza; iliingia wakati wa kuhamisha kazi kutoka umbo moja hadi jingine, pale hadithi ilipohitaji mahali pa kuwekea chimbuko la uhai. Katika filamu, sanduku la Pandora lenye maradhi ya kuangamiza watu limefichwa mahali paitwapo chimbuko hilo, karibu na Mlima Kilimanjaro, na mwanasayansi mwovu, Jonathan Reiss, analitaka ili atengeneze silaha.

Fikra ya kuiweka asili ya uhai Afrika ya Mashariki haikuzuka hewani. Ilitokana na sifa ambayo eneo hili lilijipatia kwa uvumbuzi wa mabaki ya binadamu wa kale. Mwaka 1984 Mkenya Kamoya Kimeu aliyagundua karibu na Ziwa Turkana mabaki ya kijana wa kale ambayo ni miongoni mwa yaliyokamilika zaidi kuwahi kupatikana. Lakini kuna tofauti inayofaa kutiliwa maanani. Katika historia ya sayansi, Mwafrika ndiye aliyekijua alichokuwa akikitafuta na ndiye aliyekiona. Katika filamu, Mwafrika analinda kitu ambacho maana yake inafumbuliwa na mgeni aliyeshuka kwa mwavuli kutoka angani.

Kosa na kazi ya mkalimani

Kosa aliigizwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Cotonou nchini Benin, ambaye alikwisha kujulikana kwa kumwigiza kiongozi wa mateka katika filamu ya Amistad ya mwaka 1997. Ni mwigizaji mwenye uzito, na uzito huo unaonekana hata pale mhusika wake anapopewa machache ya kusema. Kosa anajua njia. Kosa anafahamiana na wazee. Kosa anayapokea maneno ya mzee kuhusu mahali palipokatazwa na kumfikishia Lara kwa Kiingereza. Baadaye watu wa Reiss wanawashambulia, na uhai wa Kosa pamoja na wa wasaidizi wawili wa Lara unatumiwa kumlazimisha awaongoze waovu hadi kwenye chimbuko.

Kwa istilahi za uhakiki, Kosa ni mhusika msaidizi na kwa kiasi kikubwa ni bapa. Hana familia inayoonyeshwa wala shaka inayomsumbua, na hana uamuzi ambao ungebadili msuko. Msuko unaamuliwa na Lara na mpenzi wake wa zamani, Terry Sheridan, ambao wanagombana juu ya sanduku katika kilele cha hadithi. Lara anamuua Terry na kulirudisha sanduku lilikokuwa. Uamuzi huo wa kuacha badala ya kuchukua ndio wa kiadili zaidi katika filamu nzima, lakini unafanywa pasipo kuulizwa hata mmoja wa wale ambao kwa karne nyingi, kwa mujibu wa hadithi yenyewe, ndio waliopaweka mahali hapo salama.

Hapa ndipo majazi yasiyokusudiwa yanapojitokeza. Kosa si mkosaji. Katika filamu hatendi kosa lolote. Kosa linalotajwa na jina lake ni la muundo: mkalimani amewekwa ili lugha ya wenyeji ipite bila kusikilizwa. Mzee anasema, Kosa anafasiri, Lara anaelewa, na hadhira inasahau kwamba kulikuwa na lugha mbili. Mkalimani katika historia ya Pwani hakuwa chombo cha kupitishia maneno tu. Alikuwa mtu wa siasa, aliyeweza kugeuza mapatano kwa neno moja, na kwa sababu hiyo aliogopwa na pande zote mbili. Filamu imeichukua kazi yake na kuyaacha mamlaka yake.

Filamu hiyo haikufaulu kibiashara kama ile ya kwanza. Kampuni ya Paramount ililaumu kupokewa vibaya kwa mchezo mpya wa Tomb Raider uliotoka mwaka huohuo wa 2003. Lawama hiyo yenyewe ni ushahidi wa jinsi uhusiano wa fani hizi mbili ulivyoeleweka: filamu ilidhaniwa kuwa kivuli cha mchezo, na kivuli kikififia, hulaumiwa mwili. Mandhari ya Kenya hayakuhesabiwa upande wa faida wala wa hasara.

Mombasa Mpya: majina bila ardhi

Kisiwa cha Mombasa hakimo katika filamu ya 2003. Kiliingia katika ulimwengu wa michezo ya kompyuta mwaka uliofuata, kwa njia iliyo kinyume kabisa. Tarehe 9 Novemba 2004 kampuni ya Bungie ilitoa mchezo wa Halo 2, ambao sehemu yake muhimu inatukia mwaka 2552 katika mji uitwao Mombasa Mpya. Mji huo una majengo marefu mno na mnara wa kupandishia mizigo hadi angani. Unavamiwa na majeshi ya viumbe wa sayari nyingine. Katika Halo 3, ya mwaka 2007, vita vinasogea bara hadi Tsavo na Voi, ambako mtambo wa kale umefukiwa ardhini. Mwaka 2009 ilifuata Halo 3: ODST, ambayo karibu yote inatukia Mombasa Mpya.

Waundaji wa michezo hii hawakuhitaji kupiga picha kisiwani. Walichohitaji ni majina, na majina waliyapata. Katika ODST mna barabara kuu iitwayo Kizingo, kituo cha treni kiitwacho Kikowani na uwanja uitwao Tayari. Mkazi wa Mombasa atayatambua mara moja. Kizingo ni mtaa wa upande wa kusini wa kisiwa, unaoelekea bahari kuu. Kikowani panajulikana kwa makaburi ya Waislamu. Ni mahali ambapo jeneza hufikishwa na waombolezaji hurudi kwa miguu. Tayari, ni vigumu kuliona likitoka kwingine isipokuwa Mwembe Tayari, mahali pa soko na pilikapilika ambapo wazee wa mji hupasimulia pamoja na habari za misafara na wapagazi waliokusanyika hapo kabla ya safari ya bara.

Namna majina hayo yalivyotumiwa inastahili kuchunguzwa kwa jicho la mhakiki wa lugha. Mwembe Tayari ni jina lenye masimulizi ndani yake: kuna mti, na kuna watu walio tayari chini ya mti. Mwembe ukiondolewa, kinachobaki ni hali isiyo na mwenyewe. Nani yuko tayari, na kwa lipi? Kikowani nako, mahali pa kuwasindikiza wafu, pamekuwa mahali pa kungojea treni. Huenda waundaji waliyatazama majina kwenye ramani tu, na ramani haielezi jina lilivyozaliwa. Matokeo ni mji ambao kila kibao chake ni cha kweli na kila maana yake imehama.

Jiografia nayo imegeuzwa. Katika Halo 2 mchezaji huanzia sehemu ya mji wa kale, kisha huvuka daraja refu kwa kifaru ili aingie Mombasa Mpya. Katika kisiwa chenyewe hakuna bahari kati ya Mji wa Kale na mitaa mingine. Mtu hutoka Kibokoni au Ndia Kuu akaingia Digo Road kwa miguu. Daraja la mchezo limeyatenga maji ya zamani na ya sasa, ilhali ugumu wa Mombasa, na uzuri wake, ni kwamba vyote viwili vinaishi ukuta kwa ukuta.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuuhukumu mchezo huo kwa upungufu tu. Ndani ya ODST mna simulizi ya sauti inayofunuliwa kipande kwa kipande kadiri mchezaji anavyotembea mjini. Inamhusu msichana Sadie Endesha, anayetafuta njia siku ya uvamizi, na baba yake, Daktari Daniel Endesha, ambaye kazi yake ni kuutunza mtambo wenye akili unaosimamia shughuli zote za mji. Baba amepachika ndani ya mtambo huo sehemu maalumu ya kumlinda mwanawe, nayo imepewa jina la Vergil, mshairi anayemwongoza Dante katika safari ya jehanamu. Msuko unamfanya mchezaji naye kuwa msafiri anayeshuka ngazi kwa ngazi katika mji ulioteketea.

Jina Endesha ni majazi yaliyolenga shabaha. Kitenzi hicho kimekuwa jina la ukoo, na mwenye jina ndiye anayeuendesha mji. Iwe ni kwa kujua au kwa bahati, hapa jina la Kiswahili linasema lile ambalo mhusika analitenda, kama ambavyo Karama au Adili wangefanya. Zaidi ya hayo, Sadie anasema na anakataa, na anaamua njia yake mwenyewe. Mtambo wa mji wenyewe, usio na uwezo wa kuzungumza kwa uhuru, unatumia matangazo ya barabarani yaliyokwisha rekodiwa ili kumwonya na kumwelekeza. Mombasa Mpya, japo haina ardhi ya Mombasa, ina kinywa cha namna yake. Kwa kipimo cha usawiri, mchezo uliobuni kila jiwe umewatendea haki wahusika wake wa Pwani kuliko filamu iliyopiga picha mawe halisi.

Palikuwa na jaribio la kuihamishia Halo katika filamu. Mwaka 2005 mwandishi Alex Garland aliandika mswada wake. Peter Jackson akawa mtayarishaji na Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, akateuliwa mwongozaji. Mwaka 2006 studio mbili zilizokuwa zikigharamia zilijiondoa, na filamu haikutengenezwa. Blomkamp alitengeneza vipande vifupi vya kuitangaza Halo 3 mwaka 2007, kisha akageukia District 9 ya mwaka 2009, ambayo mji wake ni Johannesburg na lugha zake ni za Johannesburg. Mwongozaji aliyenyimwa mji wa kubuni alirudi katika mji alioujua, na kazi iliyotoka ikawa na ladha ya mahali. Tamthilia ya televisheni ya Halo, iliyoonyeshwa kati ya 2022 na 2024, haikulijaza pengo la filamu hiyo ya vita vya Mombasa.

Tangier ikiitwa Mombasa

Mwaka 2010 jina la Mombasa lilifika kwenye sinema kwa njia ya tatu. Inception ya Christopher Nolan haikutokana na mchezo wa kompyuta, lakini inahusu viwango vya ndoto vinavyopitwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na hatari zake, mtindo ambao mchezaji wa kompyuta angeutambua. Katika filamu hiyo mhusika mkuu, Cobb, anakwenda Mombasa kumtafuta mwenzake. Anafukuzwa katika vichochoro, na nusura anaswe kati ya kuta mbili zilizobanana. Kisha anakutana na mkemia aitwaye Yusuf, ambaye chini ya duka lake watu huja kila siku kulala na kuota pamoja.

Kuta hizo si za Mombasa. Sehemu hiyo ilipigwa Tangier, Morocco. Kwa mtazamaji asiyeijua miji hiyo miwili, vichochoro ni vichochoro. Kwa anayeijua, tofauti iko wazi. Nyumba za Mji wa Kale zina matumbawe na chokaa, roshani za mbao zinazotokeza juu ya njia, milango ya nakshi na baraza za kukalia mbele ya nyumba. Tangier ni mji wa mlima unaotazama Gibraltar. Baraza, hasa, haipo katika picha hiyo, na baraza ndiyo inayoufanya mtaa wa Waswahili usiwe njia ya kupita tu. Mtu anayekimbia Kibokoni hakimbii kati ya kuta tupu. Anakimbia mbele ya watu waliokaa, wanaomjua ni mwana wa nani au wanaouliza ni mgeni wa nani.

Kipimo cha Pwani yenyewe

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba wageni wameipotosha Mombasa, na kukomea hapo. Lakini historia ya fasihi ya Pwani inauzuia uhakiki usijiridhishe hivyo. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo, una zaidi ya beti elfu moja kuhusu vita kati ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Nao ni uhamisho wa kisanaa: visa vya maghazi vya Kiarabu vimetiwa katika bahari ya utenzi wa Kiswahili. Rumi ya utendi si Rumi ya wanahistoria, kama Mombasa Mpya isivyo Mombasa ya mkazi wake.

Tofauti iko katika kinywa. Herekali ni adui, lakini anapelekewa barua, anaisoma na anajibu. Kukataa kwake ni uamuzi wake mwenyewe, na msikilizaji anausikia. Mtunzi wa Pate hakumwonea adui yake kwa kumnyamazisha. Alimshinda akiwa amempa nafasi ya kusema. Kipimo hicho ndicho kinachomfaa Kosa. Hakuna anayeidai Paramount iijue Amboseli kama wafugaji wa Kimaasai wanavyoijua. Inachodaiwa ni kile ambacho utendi wa karne ya 18 ulimpa hata adui.

Tena, kama visa vya hatari ndivyo vinavyotafutwa, Mombasa inavyo vya kutosha. Yusuf bin Hasan alichukuliwa na Wareno akiwa mtoto, akalelewa Goa, akabatizwa jina la Jerónimo na kurudishwa kuwa mfalme wa Mombasa. Mwaka 1631 aliwaasi, akamuua kamanda wa Fort Jesus na kuitwaa ngome; mwaka 1632 aliiacha akaingia baharini kama haramia. Mtu mmoja, majina mawili, dini mbili, na ngome iliyojengwa kati ya 1593 na 1596 ikiwa kati yao. Filamu ya 2010 ilimpa mkemia wa Mombasa jina la Yusuf pasipo dalili yoyote ya kumkumbuka huyu. Hayo nayo ni majazi yasiyokusudiwa, na safari hii ni hasara, kwa kuwa mtu anayeishi ndani ya ndoto za wengine alikuwa na wajina wake katika historia ya kisiwa hikihiki.

Makaburi na wavamizi

Lipo jambo jingine linaloifanya filamu ya 2003 isiwe suala la burudani tu kwa Pwani. Jina la mchezo na filamu, likifasiriwa, ni mvamizi wa makaburi, na uvamizi wa aina hiyo umekuwa msiba halisi nyuma ya Mombasa. Wamijikenda huwachongea wazee wa chama cha Gohu vigango, nguzo za mbao za kuwakumbukia, ambazo haziruhusiwi kuondolewa zilikosimikwa. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa na kuuzwa kama vitu vya sanaa, na vingi viliishia katika makumbusho ya Marekani. Kimojawapo kati ya viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kutoka kwa familia moja kilirejeshwa kwa wenyewe mwaka 2007. Makumbusho ya Denver ilikubali mwaka 2014 kurudisha vigango 30.

Lara analirudisha sanduku kwa dakika moja ya filamu. Kigango kilirudi baada ya miaka zaidi ya 20, na kilirudi kwa sababu kulikuwa na picha na watu waliokumbuka kilikuwa cha nani. Ushahidi wa urejeshaji ulikuwa jina la marehemu. Bila jina, kigango ni kipande cha mti kilichochongwa. Hapa ndipo suala la majina linapoacha kuwa la fani tupu. Fort Jesus iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, na meli ya Kireno ya Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa, ilichunguzwa na wanaakiolojia kati ya 1977 na 1980 na vitu vyake kuwekwa ngomeni. Mawe yana sheria na vyombo vina kabati za vioo. Simulizi la jina la mtaa halina hifadhi ya namna hiyo.

Hitimisho

Miaka saba iliyochunguzwa inaonyesha kwamba kazi ikihamishwa kutoka umbo moja hadi jingine, kinachosafiri kwa wepesi zaidi ni jina, na kinachoachwa nyuma kwa wepesi zaidi ni maelezo ya jina hilo. Filamu ya Tomb Raider ilifika Kenya na kumwita mkalimani wake Kosa. Mchezo wa Halo haukuhitaji kufika, lakini ulimpa Endesha mji wa kuuendesha na bintiye maneno ya kusema. Inception ililiazima jina na kulitundika juu ya mlango wa mji mwingine. Kati ya hizo tatu, uaminifu kwa mandhari haukuambatana na uaminifu kwa wahusika, na uhakiki unaopima usawiri kwa kuuliza tu kama picha zilipigwa mahali penyewe utakosea kila mara.

Kwa idara za fasihi, kazi inayofuata iko karibu. Kijana wa leo anaweza kulikuta jina la Kikowani kwanza katika mchezo kabla ya kulisikia kutoka kwa bibi yake. Simulizi za majina ya mitaa ya kisiwa, yaani Kizingo, Kikowani, Mwembe Tayari, Kibokoni, Kuze na mengineyo, ni tanzu ya fasihi simulizi inayostahili kukusanywa kwa utaratibu uleule uliotumiwa kukusanya tenzi na mashairi ya Muyaka. Zikikusanywa, mhakiki ataweza kuonyesha kwa hakika ni nini kilichokatwa mwembe ulipoondolewa. Zisipokusanywa, Tayari litabaki jina la uwanja tu, na hapatakuwa na wa kulisahihisha.